Hifadhi ya Hesabu za Pamba Pindi Kidhibiti cha Kompyuta Kinapoharibika



Katika ziara za ukaguzi, mkaguzi huulizwa maswali mengi ambayo hayamo katika fomu yake. Moja niliulizwa pale Nyashimo, katika mkutano wa wanachama, na mzee mmoja mkulima wa pamba, nami sikuweza kumjibu siku ile kwa namna iliyomridhisha. Alisimama akasema: "Ndugu Mkaguzi, mimi nilimwona kijana wa mizani kwa macho yangu akibonyeza, na mashine ikaandika kwamba imepokea. Kesho yake naambiwa kilo zangu hazimo. Basi kati yangu, kijana na mashine, mwongo ni nani?"

Wanachama walicheka, lakini mzee hakucheka. Kilo alizokuwa akizidai zilikuwa 312 za pamba safi, na kwa fedha zake alikuwa amekusudia kununua mabati ya nyumba ambayo kuta zake zilikwisha kusimama.

Nimelifuatilia jambo lile mpaka mwisho wake, na nimeona ya kuwa hapakuwa na mwongo. Mashine ilisema kweli kwamba imepokea. Kosa letu sote lilikuwa kudhani kwamba kupokea na kuhifadhi ni tendo moja. Katika mitambo ya kutunza hesabu, kati ya matendo haya mawili kuna nafasi ndogo ya muda, na ni katika nafasi hiyo kilo za mzee zilipotelea. Makala haya yanakusudia kueleza nafasi hiyo ni kitu gani, inalindwa kwa njia zipi, na hasa ni lipi lipasalo kufanywa pale kifaa kinachoiangalia, yaani kidhibiti, kinapoharibika katikati ya msimu.

Huenda Katibu akauliza, haya yanakihusu nini chama cha msingi ambacho kina simu moja, kompyuta ndogo moja na kabati la mbao? Yanakihusu sana. Tangu msimu wa 2018, pamba yetu hununuliwa kupitia vyama vya msingi. Baadhi ya vyama vimekwisha kupata mizani ya kidijitali, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ule tunaouita MUVU. Daftari lililokuwa kabatini sasa limo, lote au sehemu yake, katika mtambo uliowekwa mahali ambapo Katibu hajapata kufika. Fundi anaweza kuwa mbali, na mwenye mtambo anaweza kuwa mbali zaidi. Lakini mkulima aliyepoteza kilo zake haendi kwao. Huja kwa Katibu.

KARANI NA MFUKO WAKE

Tuchukue mfano wa kituo cha kununulia pamba kama tukijuavyo. Foleni ni ndefu, jua ni kali, na mikokoteni ya ng'ombe ingali ikiwasili. Karani akitaka kuandika kila mzigo moja kwa moja katika daftari kubwa, hana budi kulifungua, kuutafuta ukurasa wa mwanachama, kuandika, kuhakikisha jumla, kulifunga, kisha ndipo amwite mwingine. Kwa hiyo karani mwepesi huandika uzito katika kipande cha karatasi, hukitia katika mfuko wa shati, humwambia mkulima, "Tayari, Mzee, nimekwisha kupokea," na jioni, akiwa ametulia, huhamisha vipande vyote daftarini. Aghalabu huvipanga kwanza kwa majina ili asiufungue ukurasa mmoja mara kumi.

Mtambo wa kuhifadhi data hufanya vivyo hivyo. Daftari kubwa ni diski. Diski ya kawaida ni sahani izungukayo, mathalani mara 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba wa kuandikia hauna budi kusogea hadi mahali panapotakiwa na kungoja sahani ifike. Tendo hilo huchukua sehemu chache za elfu moja za sekunde. Kwa binadamu si kitu. Bali kwa kompyuta ni muda mrefu mno, kwani kumbukumbu yake ya umeme huandika kwa muda usiofikia hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa sababu hiyo mbele ya diski huwekwa karani, naye ndiye kidhibiti; na kidhibiti hupewa mfuko, nao mafundi huuita kache. Data zikifika huingizwa katika kache, kidhibiti hujibu "imepokelewa", kisha kwa wakati wake huzipanga na kuziandika diskini.

Namna hii tuiite kuandika baadaye. Iko namna ya pili, kuandika papo hapo, ambapo kidhibiti hakijibu neno mpaka diski yenyewe ithibitishe kwamba imeandika. Ya kwanza ni ya haraka. Ya pili ni ya polepole, lakini haina deni.

Neno deni nimelitumia kwa makusudi. Kila kilo iliyomo katika kache na ambayo haijafika diskini ni deni ambalo kidhibiti kimelikiri kwa mkulima na bado hakijalilipa. Siku ya kawaida deni hilo hulipwa upesi, kwa sekunde au dakika, na hakuna anayelitambua. Diski za kisasa zisizo na sehemu izungukayo zimeufupisha muda huo sana, ila hazijaliondoa deni lenyewe.

Jambo moja zaidi, ambalo hata baadhi ya watumishi wa ofisini hawalijui. Karani huvipanga vipande vyake kabla ya kuandika, na kidhibiti nacho hupanga. Maana yake ni kwamba data hazifiki diskini kwa mfuatano uleule zilioingia. Yawezekana jumla mpya ya mwanachama ikawa imekwisha kuandikwa, hali mzigo uliozaa jumla hiyo ungali mfukoni. Au kinyume chake. Kache ikipotea katika hali hiyo, hatupotezi mizigo ya mwisho tu. Tunabaki na daftari ambalo kurasa zake hazipatani, na daftari la namna hiyo humsumbua mkaguzi kuliko lile lililoungua moto, kwa kuwa huonekana zima.

MFUKO UKITOBOKA

Kumbukumbu ya kache hutegemea umeme. Umeme ukikatika, husahau yote. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kufundishwa kwamba umeme hukatika. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani kwa wakati mmoja. Lakini umeme si adui wa pekee. Kidhibiti chenyewe ni kifaa chenye saketi na programu, nacho huweza kuungua, kupata joto kupita kiasi, au kuganda tu kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema. Kidhibiti kikifa hali umeme upo, kila kilichokuwa mfukoni mwake kimo hatarini vilevile. Ndiyo sababu chama kinachosema "sisi tumenunua UPS" kimejibu nusu ya swali. UPS huendelea kuupa mtambo umeme. Haifufui kidhibiti kilichokufa.

Dhidi ya kukatika kwa umeme, kinga ya kale ni betri iliyounganishwa na kache yenyewe. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilitangaza kidhibiti cha diski kiitwacho 3990 Model 3, ambacho kando ya kache ya kawaida kilikuwa na kumbukumbu ya pili, ndogo, yenye betri yake. Data iliingizwa katika zote mbili kabla ya mtambo kujibu kwamba imepokea. Fikra hiyo baadaye ilishuka mpaka kwenye kadi ndogo zilizomo katika seva za kawaida. Kadi nyingi za namna hiyo zilitengenezwa ili betri iweze kuitunza kache kwa muda wa hadi saa 72, na umeme ukirudi ndani ya muda huo kidhibiti huanza kwa kulipa madeni yake kabla ya kupokea kazi mpya. Upungufu ni kwamba betri huzeeka hata kama haikutumika. Baada ya miaka mitatu hivi yafaa ihesabiwe kuwa imechoka. Kadi za karibuni hutumia kapasita pamoja na kumbukumbu ya flashi: umeme ukikatika, kapasita hutoa nguvu ya kutosha kunakili kache yote katika flashi, ambayo haihitaji umeme ili ikumbuke. Hapo hesabu ya saa 72 haipo tena, ingawa kapasita nayo haina budi kuangaliwa.

Dhidi ya kifo cha kidhibiti chenyewe, kinga ni kidhibiti cha pili.

Jambo hili si geni kwa wakulima wa Kanda ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, kwa kutoridhika na mizani ya wafanyabiashara, waliweka wapimaji wao wenyewe kando ya vituo vya kununulia, ili uzito ujulikane kwa mikono miwili na wala si mmoja. Katika harakati hizo, ambazo marehemu Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ndimo vilimoota vyama vya msingi, hata mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Wazee wetu waliogopa udanganyifu. Sisi hapa twaogopa kifo cha kifaa. Lakini utaratibu ni uleule: mzigo hauhesabiwi kuwa umepokewa mpaka wawili wawe nao.

Katika mtambo wenye vidhibiti viwili, data ikifika kwa kidhibiti cha kwanza, hicho huitia katika kache yake, hupeleka nakala katika kache ya mwenzake, na hungoja mwenzake aseme "ninayo". Hapo tu ndipo mkulima huambiwa kwamba imepokelewa. Kidhibiti cha kwanza kikifa sekunde ile ile, cha pili kina nakala ya madeni yote. Huyaandika diskini, hushika diski za mwenzake, na kazi huendelea. Aliye kituoni huona kusita kidogo tu, naye hudhani ni mtandao.

SAA YA HATARI

Watu wengi wakifika hapa hupumua na kusema kwamba mambo yamekwisha. Mimi nasema kwamba hapa ndipo yanapoanza, kwa maana sasa kidhibiti kilichobaki ki peke yake. Mfuko ni mmoja. Hakuna wa kumpelekea nakala. Kikiendelea kupokea kwa namna ya kuandika baadaye, kila deni linalokiriwa kuanzia saa hiyo halina mdhamini.

Kwa hiyo mtambo uliopangwa vizuri, pindi kidhibiti kimoja kinapoharibika, hubadili mwenendo wake wenyewe: huacha kuandika baadaye na kuanza kuandika papo hapo. Haukiri kitu ambacho haujakiandika. Na mtambo wenye kidhibiti kimoja hufanya vivyo hivyo unapogundua kwamba betri ya kache imekufa. Matokeo yake ni kwamba kazi huwa ya polepole, pengine mara kadhaa kuliko jana. Vituo hulalamika, foleni hurefuka, viongozi hupiga simu. Hapa ndipo naomba Makatibu wanielewe: kupungua kwa kasi huku si ugonjwa wa mtambo. Ndiyo dawa yake.

Sasa niwaeleze kilichozipata kilo za yule mzee. Ofisi iliyohusika siitaji, kwani imekwisha kurekebisha mambo yake, wala si ya kwanza kuteleza hivyo. Seva yake ilikuwa na kidhibiti kimoja, na betri ya kache ilikuwa imekufa bila mtu kuiangalia. Kidhibiti kilipoligundua hilo, kiliingia katika kuandika papo hapo, kama kipasavyo. Ilikuwa katikati ya msimu. Malalamiko yalipozidi, kijana wa kompyuta, kwa nia njema kabisa, aliingia katika mipangilio na kukiamuru kidhibiti kiandike baadaye hata kama hakina betri. Mitambo mingi huikubali amri hiyo, ingawa huonya kwanza. Na onyo, kama tujuavyo, hubonyezwa likaondoka. Kasi ilirudi. Kijana akapongezwa.

Siku chache baadaye, mchana, kidhibiti kiliganda. Kwa muda wa kama dakika ishirini kilikuwa kikipokea na kujibu, bali hakiandiki diskini. Mtumishi mmoja, alipoona mambo hayaendi, alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya: alizima, akawasha. Kila kilichokuwa mfukoni kikapotea, na jumla za baadhi ya wanachama zikawa hazipatani na mizigo yao.

Mizigo 64 ya vituo vitatu ilibidi itafutwe kwa mkono. Kazi hiyo ilichukua siku tisa. Mizigo 63 ilipatikana katika nakala za kaboni za vitabu vya stakabadhi, vitabu ambavyo mwanzoni mwa msimu watu wengine walitaka viachwe kwa kuwa eti ni vya kizamani. Mzigo mmoja ulibaki, nao ni wa mzee wetu. Kitabu cha kituo chake kilikuwa kimekwisha jioni ile, na karani, kwa kuitegemea mashine, hakukiagiza kingine. Tulilazimika kuchukua uzito wa pamba yote iliyopakiwa kituoni kwenda kiwandani na kutoa jumla ya stakabadhi zote. Tofauti ilikuwa kilo 309. Bodi ya chama ilikaa, ikamlipa kilo 312 kama alivyodai, nami sikuandika hoja ya ukaguzi juu ya zile tatu. Lau wangekuwa wakulima wawili wasio na stakabadhi badala ya mmoja, tofauti ile isingetuambia ipi ni ya nani.

MTAMBO UKISHAPATA AJALI

Siku kidhibiti kinapoharibika, jambo la kwanza ni kutofanya haraka. Kilichobaki hai kisizimwe ili "kujaribu". Betri wala kadi ya kumbukumbu isichomolewe na mtu asiyeijua, maana yawezekana ndani yake mna madeni ambayo hayamo mahali pengine popote duniani. Mitambo mingine huonyesha ujumbe kwamba kache ina data zilizohifadhiwa ambazo diski zake hazionekani, na kuuliza kama zifutwe. Jibu ni hapana, mpaka fundi ahakikishe kwamba diski zote zimeunganishwa sawasawa. Mara nyingi ni waya tu uliolegea. Katika aina fulani za kadi, kumbukumbu pamoja na betri yake huweza kuhamishiwa katika kadi mpya ya aina ileile, na madeni yakalipwa huko. Hapo saa ya ajali ni ya lazima kuandikwa, kwani betri ya saa 72 haimngoji fundi aliyesema atakuja Jumatatu.

Vituo navyo vijulishwe mara moja, na visiendelee kutuma kana kwamba hakuna lililotokea. Ununuzi usisimame, la hasha. Uendelee kwa stakabadhi za kaboni. Mtambo ukirejea, Katibu alinganishe namba ya stakabadhi ya mwisho aliyonayo mkononi na ya mwisho iliyomo katika mtambo, kisha arudi nyuma walau saa moja kabla ya ajali akikagua mzigo kwa mzigo. Asiitazame jumla peke yake, kwa sababu ile niliyoieleza ya mfuatano.

Kuhusu kubadili kidhibiti kilichokufa, nina neno. Tumezoea kudhani kwamba hatari huisha fundi anapofika na kifaa kipya. Mwezi Oktoba 2016, katika chuo kikuu cha King's College London huko Uingereza, sehemu moja ya mtambo mkubwa wa kuhifadhi data iliharibika. Mtambo ulikuwa umejengwa ili uvumilie ajali kama hiyo, na kwa kweli uliivumilia. Lakini wakati wa kurekebisha sehemu hiyo, mtambo wote ulianguka. Huduma nyingi za chuo zilisimama, nyingine kwa wiki kadhaa, na baadhi ya data hazikupatikana tena, kwa kuwa nakala za akiba zilizodhaniwa kuwa zipo hazikuwa zimechukuliwa kikamilifu. Chuo hicho hakikukosa fedha wala wataalamu. Kwa hiyo, kabla fundi hajagusa mtambo unaochechemea, ichukuliwe kwanza nakala ya hesabu zote na kuwekwa nje ya mtambo huo. Na kazi ifanywe usiku, au siku ambayo vituo vimefungwa.

Hapa pia yafaa itofautishwe nakala ya kidhibiti cha pili na nakala ya akiba, maana nimeona taarifa ya chama kimoja ikizichanganya. Kidhibiti cha pili hulinda data ya dakika hii. Hakijui kama ni sahihi. Karani akiandika kilo 450 badala ya 45, kosa huingia katika mifuko yote miwili kwa uaminifu mkubwa. Nakala ya akiba ni daftari la jana lililofungiwa katika nyumba nyingine, na ndiyo peke yake inayotuwezesha kurudi kabla ya kosa.

SIMU NA KOMPYUTA ZETU

Yote niliyoyasema juu ya mitambo mikubwa yapo, kwa udogo, katika vifaa vya chama. Kompyuta nayo ina mfuko wake. Ndiyo maana flashi ikichomolewa bila kwanza kuiamuru kompyuta iitoe, mara nyingine faili hukutwa tupu au nusu. Kubwa zaidi ni simu na vishikwambi vya vituoni. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu, programu nyingi huhifadhi uzito ndani ya kifaa na kungoja mtandao ndipo uutume. Kwa muda huo kifaa hicho ndicho kache, na hakina kidhibiti cha pili. Kikiibiwa, kikianguka katika ndoo ya maji, au programu yake ikifutwa na kuwekwa upya kwa ushauri wa rafiki, mizigo yote isiyotumwa hutoweka.

Karani ajifunze kutambua alama inayotofautisha mzigo uliohifadhiwa simuni na mzigo uliofika. Programu ambayo haionyeshi tofauti hiyo ina kasoro, na chama kina haki ya kuidai irekebishwe. Wala kituo kisifungwe jioni kabla idadi ya mizigo isiyotumwa haijasomwa kwa sauti na kuandikwa. Ikiwa si sifuri, simu hiyo isilale kwa karani bali iandamane na kitabu cha stakabadhi hadi kwa Katibu.

Katika ukaguzi wa kabla ya msimu ujao, nitakapopita katika vyama vya Busega na kwingineko, nitaomba kuonyeshwa mambo ambayo zamani sikuwa nikiyauliza. Pale penye seva, iwe ya chama au ya Chama Kikuu, nitauliza tarehe iliyowekwa betri ya kache, nani hupokea taarifa ikichoka, na kama ipo amri iliyoandikwa inayokataza kulazimisha kuandika baadaye pasipo betri au pasipo kidhibiti cha pili. Amri hiyo isainiwe na Meneja, si fundi, ili siku foleni inaporefuka kijana wa kompyuta awe na karatasi ya kuonyesha anapopigiwa simu. Pale ambapo mtambo ni wa mtu mwingine, nitauliza kama chama kimepata kumwandikia barua ya kuuliza hayo, na jibu lake. Kwenye vituo nitahesabu vitabu vya stakabadhi vilivyo tupu. Viwili vya akiba kwa kila mizani si vingi.

Tarehe ya betri ibandikwe juu ya mtambo wenyewe kwa karatasi, na pia iandikwe katika daftari la mali za chama, ukurasa uleule wenye tarehe ya kuhakikiwa kwa mizani.